Kupeana taarifa za hali ya hewa mlimani: kwa wanaopandisha wageni Kilimanjaro

Ujumbe unaozunguka zaidi kwenye makundi ya simu ya waongozaji wa Moshi na Arusha ni huu: "Huku juu freshi tu, karibuni." Hausaidii. Juu ni wapi, kambi ya Shira au ya Barafu? Freshi tangu saa ngapi? Kiongozi aliyelala Barafu na wageni wanane, anayepima kama awaamshe saa 5 usiku au asogeze hadi saa 7, hana la kufanya na neno hilo. Aliyelituma pengine ameona mengi ya maana, ila hakuyaandika.

Linganisha na huu:

"Barafu, saa 11 jioni. Mawingu yako chini yetu, usawa wa kambi ya Millennium. Juu kweupe, ukingo wa Kibo unaonekana wote. Upepo unatoka mashariki, kamba za hema zinapiga mluzi. Joto 2 kivulini. Njia ya Stella ina theluji mpya kuanzia kama 5,300, inafika kifundoni, laini. Saa 8 mchana ilinyesha mvua ya mawe dakika 20. Jana haikunyesha."

Kuuandika ni dakika mbili. Mwenzako aliyeko kambi ya Karanga akiusoma anajua afungashe nini, awaambie wagumu (wapagazi) nini, na kesho aondoke saa ngapi. Yafuatayo ni namna ya kuupata ujumbe wa aina hiyo, kipande kwa kipande, na mahali unapoharibika.

Mahali kwanza, kimo baadaye

Anza na jina la kambi au la sehemu inayojulikana: Lava Tower, Jiwe la Pundamilia, Last Water, Kosovo. Usianze na namba. Mabango ya mlimani, ramani za dukani na GPS havikubaliani kuhusu vimo. Kibo Hut utaikuta imeandikwa 4,703 kwingine na 4,720 kwingine, na saa ya mkononi inaweza kukupa namba ya tatu. Namba inafaa pale tu unapoeleza kitu kisicho na jina, kama mahali theluji inapoanzia, na hapo weka neno "kama" mbele yake.

Saa, na mtego wake

Hapa ndipo taarifa nyingi hufa. Programu za utabiri zinahesabu siku kuanzia usiku wa manane: 06:00 ni saa 12 asubuhi yetu. Sasa mtu anasoma kwenye skrini "06:00, upepo kilomita 45", anaandika "saa 6 upepo 45". Anayesoma yuko Barafu na ataondoka saa 6 usiku, kwa hiyo anaahirisha safari ili upepo upite. Upepo wenyewe ni wa saa 12 asubuhi. Kwa kuchelewa huko atakutana nao akiwa bado kwenye kokoto chini ya Stella Point, pale ukingoni mwa Kibo, mahali pabaya kuliko pote.

Kwa hiyo saa iandikwe kwa Kiswahili na isiachwe peke yake: saa 12 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 10 alfajiri. Ukiona herufi Z mwishoni mwa muda, hiyo ni saa ya kimataifa. Ongeza 3 kupata saa za Tanzania, kisha uigeuze iwe ya Kiswahili. 12Z ni 15:00, yaani saa 9 alasiri; 00Z ni saa 9 usiku.

Na iwe saa uliyoona, siyo saa uliyopata mtandao. Ujumbe unaweza kukaa kwenye simu nusu siku ukisubiri ushuke mahali penye mawimbi. Usipoandika saa ndani ya maneno, unafika ukionekana mpya kabisa.

Anga: mawingu yako wapi ukilinganisha na wewe?

Kuna majibu matatu tu yanayohitajika: yako chini yako, umo ndani yake, au yako juu yako. Aliyeko Horombo juani akiona bahari ya mawingu chini, anamwambia aliyeko Mandara jambo kubwa: atatoka kwenye ukungu kabla ya kufika. Ukiweza, taja ukingo wa juu wa mawingu uko usawa gani. Wanaopanda Meru nao wasijisahau hapa. Alfajiri, kutoka Little Meru au Rhino Point, Kibo inaonekana wazi upande wa mashariki, na mtu wa huko anaona usawa wa mawingu vizuri kuliko aliyezama ndani yake pale Machame.

Wingu la kulizungumzia kwa jina ni lile linalotulia juu ya kilele kama sahani iliyofunikwa, halisogei ingawa kingo zake zinachezacheza. Linaonyesha upepo mkali unapita juu. Kambini panaweza kuwa shwari na bado kule juu mtu hasimami. Ukiliona jioni kutoka Barafu au Kibo Hut, liandike hata kama mengine yote ni mazuri.

Upepo bila kifaa

Wachache wana kipima upepo, na wenye nacho mara nyingi hukisoma wakiwa wamejikinga nyuma ya jiwe. Alama hizi zinatosha:

- Moshi wa jiko unainama kidogo, bendera ya kambi inacheza: chini ya kilomita 20 kwa saa.
- Vumbi linainuka, hema linapigapiga: 20 hadi 30.
- Kamba zinapiga mluzi, inabidi mpaze sauti kusikilizana: karibu 40 hadi 50.
- Kutembea dhidi yake ni kwa kuinama, na ukisimama unatafuta pa kuegemea: 60 na kuendelea.

Taja upepo unatoka wapi. Ukiandika "upepo wa kusini", huyu ataelewa unatoka kusini, yule ataelewa unaelekea huko. Neno "unatoka" linamaliza ubishi. Ukinukuu programu, angalia kipimo chake: noti (knot) 1 ni kilomita 1.85 kwa saa, na mita 1 kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa. "Upepo 15" bila kipimo unaweza kuwa wa kawaida au wa kugeuza watu.

Upepo ndio unaoamua baridi. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 20 unaifanya ngozi iliyo wazi ihisi kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukifika 40, ni kama 21. Mgeni mwenye glovu za pamba hatajua tofauti ya maelezo, ila vidole vyake vitajua.

Joto

Kipima joto kining'inie kivulini, usawa wa kifua, nje ya hema, dakika kumi kabla ya kusoma. Saa ya mkononi ivue kwanza, kwani ikiwa mkononi inapima joto la mwili wako pamoja na hewa. Ya kwenye mkoba juani usiiandike kabisa.

Chini ya miguu

Wageni huuliza kuhusu mvua. Kiongozi mwenzako anataka kujua njia. Theluji: inaanzia wapi, inafika wapi mguuni, laini au imeganda? Theluji laini ya kifundoni hupandika. Safu nyembamba ya barafu juu ya mawe ni hatari zaidi na kwa mbali haionekani. Barranco Wall, ule ukuta wa mawe: je, mawe yana unyevu ulioganda asubuhi? Kama yana, kuchelewa kuanza hadi jua liyaguse kuna maana, ingawa utakutana na foleni. Msituni: tope la njia ya Umbwe kwenye mizizi si sawa na tope la njia pana ya Marangu, na anayeshuka Mweka akiwa na magoti yamechoka anahitaji kuambiwa kama ngazi za magogo zinateleza.

Na maji. Kijito cha bonde la Karanga ndicho cha mwisho kwa wanaoelekea Barafu. Juu ya hapo maji yanabebwa kichwani. Kibo Hut nako hakuna maji. Kijito hicho kikipungua mwishoni mwa kiangazi, au kikiganda asubuhi hadi wagumu wasubiri jua, hiyo ni taarifa inayogusa muda wa kila msafara ulio nyuma yako. Waulize wagumu wenyewe. Wanatangulia, wanapishana na misafara mingine, na mara nyingi wanajua hali ya mbele saa mbili kabla ya kiongozi. Swali liwe mahususi: "Mmevuka saa ngapi, maji yalifika wapi?" Ukiuliza "Vipi huko?" utajibiwa "Poa".

Kipi ni habari, kipi ni kawaida

Mlima una ratiba yake ya siku. Asubuhi huwa kweupe. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu inapanda kutoka tambarare, na kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi mawingu huanza kujijenga juu ya msitu. Mchana yanafunika hadi Shira na Horombo, alasiri yanaweza kunyesha. Jioni miteremko inapoa, hewa inageuka na kushuka, mawingu yanazama. Usiku juu huwa wazi, kokoto za mteremko wa mwisho zimeganda na hazitelezi sana. Kuanza saa 6 usiku kuna sababu nzuri kuliko picha ya mawio.

Kwa hiyo mawingu ya saa 7 mchana pale Machame hayahitaji ujumbe. Mawingu mazito ya saa 1 asubuhi pale Shira yanahitaji, maana hayakuletwa na jua la siku hiyo. Vivyo hivyo mvua au theluji ya usiku juu ya mita 4,000: mfumo mkubwa zaidi unapita, na huenda hautaisha kwa jioni moja. Ndiyo maana sentensi ya mwisho ya mfano wetu, "Jana haikunyesha", ina uzito kuliko inavyoonekana.

Msimu nao hubadilisha maana. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, Moshi mjini hufunikwa na mawingu mazito na manyunyu siku nzima, huku watu wa Karanga wanaota jua. Asiyejua hilo atamwahirishia mgeni safari bure kwa kuangalia dirisha la hoteli. Masika, Machi hadi Mei, ni jambo jingine: mawingu hayazami jioni inavyopasa.

Upande wako si upande wake

Miteremko ya kusini ndiyo inayopokea mvua nyingi, na msitu wake hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kaskazini, upande wa Rongai, ni mkavu zaidi kwa sababu upepo wa kusi ukifika huko umeshaacha maji yake kusini. Ndiyo maana wanaopandisha wageni Aprili na Mei hupenda kupitia Rongai. Upepo wa kaskazi unapoanza, mwishoni mwa mwaka, faida hiyo hupungua. Vuli huisumbua Rongai kuliko masika.

Taarifa ya Rongai basi isitumike kuamua safari ya Umbwe, hata kama ni ya saa moja iliyopita. Zinakutana juu tu: kuanzia kama mita 5,000, anachoona wa Kibo Hut na wa Barafu kuhusu upepo na theluji kinaweza kulinganishwa. Wakitofautiana sana, yaani mmoja ana shwari na mwingine anashikilia hema, upepo una mwelekeo unaokingwa na mlima. Wote wako sahihi. Anayekwenda kileleni apange kwa ule mkali, maana ukingoni hakuna kinga.

Kuongeza utabiri juu ya macho

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ndiyo ya kufuatiliwa kwa mwelekeo wa msimu na kwa maonyo ya siku zijazo. Ikitoa tahadhari ya mvua kubwa kwa mikoa ya kaskazini, itume kundini nzima, na tarehe zake, bila kuifupisha.

Programu za simu zitumie kwa upepo wa juu zaidi kuliko kwa mvua. Usichague "Moshi", ambao ni mji wa chini ya mita 1,000. Chagua usawa wa hewa, unaoandikwa kwa hPa, kipimo cha mgandamizo wa hewa:

- 850 hPa ni kama mita 1,500, karibu na mageti.
- 700 ni kama 3,100: Mweka Camp, juu kidogo ya Mandara.
- 600 ni kama 4,400, karibu na Lava Tower na chini kidogo ya Barafu.
- 500 ni kama 5,850, yaani kilele cha Uhuru chenyewe.

Upepo wa 500 wa saa 12 asubuhi ndio namba ya kwanza kuangalia kabla ya usiku wa kilele. Ukizidi kilomita 50, uandike kundini.

Joto la programu lisahihishe. Miundo ya utabiri huuona mlima kwa miraba ya kilomita nyingi, hivyo kilele chao ni kifupi na butu. Nyingi huonyesha kimo cha pale zinapokadiria. Ikikupa nyuzi 3 kwa mita 4,000, na Uhuru iko 5,895, toa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000: unapata kama 9 chini ya sifuri. Kwa mvua ya alasiri usiiamini kuliko macho yako. Miraba hiyo haioni bonde moja likinyesha na la pili likiwa kavu.

Saa zenye kipima mgandamizo wa hewa zina mtego mwingine. Katika nchi za tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: juu karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, chini karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Ukikaa kambini tangu asubuhi, saa yako itaonyesha umepanda mita 20 au 30 bila kuondoka kitini. Watu huandika "mgandamizo umeshuka, dhoruba inakuja" kila siku saa 10 jioni. Linganisha saa ileile ya jana na ya leo, kambi ileile. Tofauti ikiwa kubwa hapo ndipo uiseme. Na radi ya mchana haingoji kipimo hicho. Hujengeka kwa saa mbili tatu na kipimo hakijatikisika.

Taarifa ya hatari haiandikwi hivyo

Kwa radi, mawe yanayoporomoka au mto uliojaa, acha utaratibu wote huo. Neno la kwanza HATARI, kisha mahali, kisha nini, kisha watu wafanye nini: "HATARI. Shira, radi inakaribia, saa 8 mchana. Msivuke uwanda, subirini chini." Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo, gawa kwa 3, unapata kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, mnatakiwa muwe mmeshatoka kwenye uwanda wa wazi, Shira au ule wa kati ya Mawenzi na Kibo, na fimbo za kutembelea ziwekwe mbali. Hesabuni dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho kabla ya kuendelea. Kisha tuma ujumbe wa kufuta, maana HATARI isiyofutwa inawafanya watu waidharau inayofuata.

Western Breach, njia ya kupandia Kibo upande wa magharibi, inastahili mstari wake. Mawe ya pale hushikiliwa na barafu, na huachia jua linapoyayeyusha. Januari 2006 yaliua wapandaji watatu. Anayepita hapo aandike saa ya jiwe la kwanza kusikika likidondoka. Hiyo ndiyo namba anayoihitaji atakayepita kesho.

Kutuma

Mtandao wa intaneti ulifika Horombo mwaka 2022, na kwingine mawimbi hupatikana kwa vipande, kwenye ukingo wa bonde zaidi kuliko ndani yake. Pasipopita intaneti, ujumbe mfupi wa kawaida mara nyingi hupita. Tuma maneno kwanza, picha ifuate. Picha iwe ya upeo wa macho yenye Kibo na mawingu. Uso wa mgeni hautuambii kitu. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na kifua, usiku iingie kwenye begi la kulalia, la sivyo betri yenye asilimia 60 inazima kwa baridi ukiitoa.

Kwenye redio za mkononi taja unayemwita mara mbili, kisha wewe: "Barafu, Barafu, hapa Karanga." Subiri sekunde moja baada ya kubonyeza ndipo useme, maana silabi ya kwanza hukatwa, na silabi hiyo ikiwa ya "hakuna" mambo yanageuka kabisa. Anayepokea arudie saa na namba.

Tenganisha ulichoona na unachodhani. "Theluji kifundoni" ni ya wote. "Msipande" ni maoni yako, na msafara wako huenda una wageni wa miaka 65 wakati wa mwenzako ni wanajeshi. Ukitaka kuyasema, anza na "maoni yangu". Ukisambaza ya mtu mwingine, ibaki na saa yake ya mwanzo. Taarifa ya upepo huchacha ndani ya saa tatu. Ya theluji hudumu siku moja kama jua halijawaka sana. Ya tope msituni, siku mbili. Iliyopitwa usiisambaze hata kwa kumsaidia mtu. Mwelekeze kwa aliyeko juu sasa hivi.

Mkishuka, pale geti la Mweka wakati wageni wanasubiri vyeti, chukua dakika tano na daftari: utabiri ulisema nini kwa usiku wa kilele, na mlikuta nini. Safu mbili, upepo na joto, pamoja na jina la programu. Fanyeni hivyo msafara kwa msafara, na kundi litaanza kujua programu ipi hupunguza upepo wa Stella, na kwa kiasi gani.